Ukuta umepasuka, lakini umepasuliwa na nini?

Methali ‘Usipoziba ufa utajenga ukuta’ ni miongoni mwa methali za kwanza kufundishwa katika shule zetu. Mwanafunzi wa darasa la sita ataieleza bila kusita: shughulikia tatizo likiwa dogo. Insha itaandikwa, alama zitatolewa, na mambo yataishia hapo. Ila sijakutana na mwanafunzi, hata wa chuo kikuu, aliyejiuliza swali ambalo fundi wa kujenga angeuliza mwanzo kabisa: ufa wenyewe unazibwa kwa kitu gani?

Swali hili si la mzaha. Mjini Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ziko nyumba za mawe ambazo kinachoziua si kuachwa bila kuzibwa nyufa. Zinauawa na namna ya kuziba. Pita katika vichochoro vya Mkomani ujionee. Lipu ya saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa matumbawe hutuna, ikabanduka kwa vipande vipana kama sinia, na kila kipande kikianguka huondoka na ngozi ya ukuta. Mwenye nyumba hurudi dukani kununua mfuko mwingine. Misimu michache ya mvua ikipita, ufa uliokuwa mwembamba kama uzi unapitisha kidole, na boriti za juu zimeanza kuchungulia.

Utaniuliza, hayo ya waashi yameingiaje katika safu ya lugha? Yameingia kwa mlango wa mbele. Sehemu ya maangamizi haya imetokana na maneno. Tumeyachanganya majina ya vitu viwili tofauti, na jina likishapotea, mnunuzi hajui tena aagize nini.

Tuanze na chokaa. Mkenya wa bara akilisikia neno hili hufikiria unga mweupe wa kuchorea mistari uwanjani siku ya michezo, au ile rangi ya bei nafuu inayopakwa kwenye vigogo vya miti na mawe ya kando ya njia shule inapotarajia mgeni mkubwa. Kwake chokaa ni rangi tu. Kwa Mswahili wa pwani, chokaa (au tokaa, wanavyotamka wazee wa Mvita na Lamu wale wanaosema ‘teka’ pale tunaposema ‘cheka’) ni kitu cha kujengea kabla ya kuwa rangi. Ndiyo iliyoshikanisha mawe. Ndiyo iliyopigwa lipu. Ndiyo iliyochanganywa na vijiwe ikamwagwa juu ya boriti kuwa sakafu. Na ndiyo, hata leo, hupakwa kidogo kwenye jani la tambuu pamoja na popoo, kwa wale ambao bado wana meno ya kutafunia uraibu.

Hapo kwenye sakafu niseme neno moja kabla sijasahau. Kwa Kiarabu, saqf ni paa au dari, kitu cha juu. Kwa Kiswahili sakafu imeteremka ikawa kitu cha kukanyagwa. Wanafunzi wangu huliona hili kama kituko cha ukopaji wa maneno. Lakini ingia nyumba ya ghorofa ya Lamu na kituko kinaisha: dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu, tabaka lile lile la chokaa na vijiwe, na mtu mmoja amelala chini yake huku mwingine akitembea juu.

Chokaa ya kujengea ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Magogo, yakiwemo ya mikoko na minazi, yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa pale pale uwanjani. Hilo ndilo tanuu, na halikuhitaji kuta wala bomba la moshi. Jiwe la aina hii likifikia joto la nyuzi 900 hivi za selisiasi hutoa hewa ya kaboni dioksidi iliyokuwa imefungika ndani yake. Kinachobaki kikimwagiwa maji hutokota chenyewe bila moto, kinaumuka na kupasukapasuka mpaka kiwe unga au uji mweupe. Ndiyo maana mafundi huwafukuza watoto wakati huo, kwa kuwa tone moja la uji huo wa moto laweza kumpofua mtu. Uji ukihifadhiwa shimoni kwa wiki na miezi, hulainika kama samli iliyoganda. Ukipakwa ukutani unaanza safari ya kurudi: hunyonya kutoka hewani ile kaboni dioksidi iliyofukuzwa na moto, na polepole hugeuka jiwe tena.

Saruji je? Wengi hudhani neno hili lilifika pwani likiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Sivyo. Ni neno la Kiajemi, na Waarabu wa Oman wanalo hadi leo. Kule Oman, saruji ni mchanganyiko wa jadi wa udongo uliochomwa na chokaa, unaotumika kuzibia mifereji ya maji ya falaj na kukarabatia ngome za kale. Kwa hiyo jina ni kongwe kuliko kitu tunachokiita kwalo. Saruji ya kiwandani ilipewa hataza mwaka 1824, aliyeipata akiwa ni Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds huko Uingereza, na akaiita kwa jina la mawe ya Portland kwa sababu aliona inafanana nayo ikishakauka. Sisi tukaichukua ile bidhaa ngeni tukaivika kanzu ya zamani. Mitaani watu husema simiti, na kwa kweli simiti ingetufaa zaidi hapa kwa sababu haina utata: kila mtu anajua ni ile ya mfuko. Lakini wasanifishaji na walimu tulipendelea saruji kwa kuwa ilisikika Kiswahili zaidi, na sasa fundi kijana akisoma kwamba wahenga walijenga kwa ‘saruji’, anaona hakuna ubaya kuendelea na kazi ya wahenga.

Kinachofanya mkanganyiko uwe mkubwa zaidi ni kwamba vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe ya kale yaliyoko nchi kavu. Mawe ni yale yale. Tofauti ni moto na kinachotiwa pamoja nayo: kwa saruji, mawe huchomwa pamoja na udongo hadi kama nyuzi 1450, na kinachotoka kina tabia nyingine kabisa. Saruji hushika kwa maji, haraka, na ikishashika imeshika. Ni ngumu, haipindi, na haipitishi unyevu kwa urahisi.

Sifa hizo ni njema kwa daraja au tangi. Kwa ukuta wa Lamu ni balaa. Ukuta huo, ambao mara nyingi una unene wa kama nusu mita, ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo maalumu yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Hauna vyuma ndani. Unanywa maji kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, kisha unayatoa jua likipiga. Na maji ya mahali kama hapo hayaji mikono mitupu, huja na chumvi. Ukuta ukiwa na lipu ya chokaa, unyevu hupenya hadi nje, ukakauka, chumvi ikabaki juu kama vumbi jeupe la kufagia. Miaka ikipita, lipu hiyo huchakaa ikabadilishwa, na jiwe la ndani likabaki zima. Ukiifunika kwa saruji, maji yanakwama nyuma. Chumvi nayo hukauka huko huko ndani, ikawa fuwele, na fuwele zikikua husukuma. Kinacholegea kwanza si saruji, maana yenyewe ni ngumu. Kinacholegea ni jiwe na chokaa vilivyo nyuma yake. Kwa hiyo siku saruji inapoanguka, madhara yalishafanyika zamani.

Hilo vumbi jeupe la chumvi sijasikia mafundi wakilipa jina moja wanalokubaliana. Katika kamusi kuna neno shura, ambalo maana yake ni ile chumvi iliyotumiwa kutengenezea baruti. Nchini India neno la asili hiyo hiyo hutumika kwa chumvi inayochipuka ukutani. Sioni kwa nini na sisi tusiliazime kwa kazi hiyo.

Tukiwa na upungufu wa jina moja, hata hivyo, tuna utajiri wa vitenzi ambao tunautupa bure. Siku hizi kila kasoro ya ukuta ‘imepasuka’. Mwenye nyumba anampigia fundi simu, ‘Njoo, ukuta umepasuka,’ na fundi anakuja na mfuko wa simiti kabla hajaona kitu. Kiswahili hakikuwa maskini hivyo. Lipu iliyoatuka ni ile yenye vijiufa vingi vyembamba kama udongo wa kiangazi au kisigino kikavu, na kwa kawaida sababu yake ni kukauka haraka mno au kupigwa nene mno. Hiyo haitishi. Lipu iliyobanduka, au iliyobambuka, imeachana na ukuta kama ganda linavyoachana na mti. Huenda bado imesimama, lakini ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia debe tupu. Iliyotuna ina kitu nyuma kinachoisukuma. Inayomong’onyoka hugeuka unga mkononi, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni chumvi. Rangi peke yake ikitoka kama ngozi iliyoungua, imebabuka. Kupasuka kwenyewe kungebaki kwa ule ufa uliozama, unaokata lipu na kuingia katika mawe. Kila kitenzi hapo kina dawa yake, na fundi aliyeambiwa kitenzi sahihi kwenye simu anajua abebe nini.

Kuna jambo jingine, na hili ni la sarufi tupu. Karibu vitenzi vyote hivyo viko katika kauli ya kutendeka: pasuka, banduka, mong’onyoka. Uzuri wa kauli hii, na hatari yake, ni kwamba haidai mtendaji. Ukuta umepasuka, basi, kama vile jua limekuchwa. Kauli ya kutendwa ndiyo inayofungua uchunguzi. Niliwahi kumwambia mwashi mmoja wa makamo kule Lamu, nikijaribu kuonekana mjuzi, ‘Ukuta huu umepasuka, bwana fundi.’ Akanijibu bila kuacha kazi yake, ‘Naona, mwalimu. Umepasuliwa ni nini?’ Msomaji wa bara atataka kusahihisha hiyo ‘ni’ iwe ‘na’. Aiache. Ndivyo Kiamu kinavyosema, na ndivyo Kiswahili cha tenzi za kale kilivyosema pia.

Majibu ya swali la mwashi ni mengi. Boriti za mikoko hukaa miaka na miaka zikiwa kavu, lakini ncha zake zilizozikwa ukutani zikipata maji ya paa au ya choo cha juu huoza, mchwa wakamalizia, na uzito wa sakafu ukahamia mahali usipopaswa kuwa. Ufa wa namna hiyo hupenda kushuka mshazari kuanzia pembe ya mlango au dirisha. Mwengine huletwa na ghorofa mpya iliyoongezwa juu ya ukuta ambao haukujengwa kuibeba. Mwengine ni kichochoro kilichomwagiwa zege mpaka kikawa juu kuliko sakafu ya nyumba, hivi kwamba mvua ikinyesha ukuta ndio mfereji. Kuziba ufa kabla ya kujua kilichoupasua ni sawa na kumfunga mgonjwa bandeji ilhali msumari bado umo mguuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia maji: paa, bomba, choo, njia ya maji ya mvua. Kazi ya pili ni kujua kama ufa bado unatembea. Hapo kuna ujanja mwepesi ambao haugharimu chochote. Paka kipande chembamba cha lipu kikivuka ufa, andika tarehe juu yake, ukiache kipite msimu wa mvua na wa kiangazi. Kikikatika, ukuta unaendelea kusogea, na hapo usimwite mpiga lipu, mwite mhandisi. Kikibaki kizima, ufa umelala na unaweza kuzibwa.

Neno la kuziba kwenyewe ni kutomea. Kutomea ni kujaza mianya ya ukuta wa mawe kwa vijiwe vidogo vilivyolazwa katika chokaa, mpaka uso ukawa sawa na tayari kupokea lipu. Ni tofauti na kukandika, ambako ni kwa udongo katika nyumba ya miti na fito, na ni tofauti na kupiga lipu, ambako ni tabaka la juu. (Lipu lenyewe ni neno lenye jamaa zake Bara Hindi, ambako lipna ni kupaka au kusiriba.) Juu ya lipu huja niru, ile chokaa laini ya kumalizia. Kukandika, kutomea, kupiga lipu, kupaka niru: vitendo vinne, vifaa vinne. Hivi majuzi nilisoma kijikaratasi cha maelekezo kwa wenye nyumba wa pwani, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, na vitendo vyote vinne vilikuwa ‘kupaka plasta’. Mfasiri hakukosa Kiswahili. Alikosa kumuuliza mwashi.

Hata jina mwashi linaning’inia peke yake siku hizi. Linatokana na kitenzi aka, kujenga kwa mawe, kama mpishi anavyotokana na pika na mwandishi na andika. Mtoto ameishi, mzazi kafa. Waulize wanafunzi wa sekondari mwashi ‘huaka’ nini, watakutazama kama uliyetoa lugha ya kigeni.

Sitaki nieleweke kwamba wenye nyumba ni wajinga. Mfuko wa simiti unapatikana duka lolote, kazi inakwisha siku moja, na ukuta unaonekana mgumu na mpya kabla ya sikukuu. Chokaa inataka subira ya wiki nyingi na fundi anayeijua, na mafundi hao wanazeeka. Isitoshe, tanuu la jadi hula kuni nyingi, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka mikoko yote ya Lamu iishie motoni au matumbawe hai yang’olewe baharini kwa ajili ya lipu. Lakini chokaa iliyochomwa kisasa ipo madukani ndani ya mifuko, na kwa nyumba ya mawe hesabu si ya siku moja. Anayepiga saruji mara tatu katika miaka kumi, kila mara akipoteza kipande cha ukuta, hajaokoa pesa.

Anayetaka kujaribu afanye hivi. Aondoe lipu yote iliyobanduka, lakini kwa tindo na nyundo nyepesi, si kwa kishindo, maana saruji ya zamani ikilazimishwa hung’oka na jiwe. Ufa aupanue kidogo, aufagie vumbi, aulowanishe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Mchanga usiwe wa ufukweni. Uwe wa nchi kavu, wenye chembe kali, uliooshwa, na kipimo cha kawaida ni mchanga sehemu tatu kwa chokaa sehemu moja. Mashimo makubwa atomee kwa vijiwe. Lipu aipige kwa matabaka membamba, kila moja lisizidi sentimita moja hivi, na lisiwekwe jipya mpaka la chini limekaza. Hapa ndipo wengi huharibu: jua la kaskazi na upepo hukausha lipu kabla haijapata nafasi ya kugeuka jiwe, ikaatuka. Atundike magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyanyunyizia asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mwisho apake chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, si mara moja nzito. Rangi za mafuta na za plastiki aziache, kwa sababu zinafunga ukuta kama saruji ilivyoufunga.

Na akienda dukani aangalie maandishi ya mfuko, maana neno letu lina mtego mwingine. Ile inayouzwa kwa wakulima kwa ajili ya udongo wenye asidi mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu, hayakupita motoni. Hata ichanganywe na maji vipi haitashika jiwe kwa jiwe. Nayo pia, muuzaji atakuambia, ni chokaa.